Faza, Amu au Mombasa: mwana asome wapi?

Kila Disemba swali hili hunifuata hadi barazani. Mara ya mwisho alinijia jirani yetu wa Langoni, mtaa wa hapa Amu (mji wa Lamu), mvuvi, ambaye binti yake alikuwa ndiyo kwanza amemaliza Gredi ya 6 kule Faza, kisiwani Pate, anakolelewa na bibi yake. "Mwalimu, mamake ataka aje hapa Amu," akaniambia. "Shangazi yake wa Mombasa asema apelekewe yeye. Na bibi asema anayetaka kumtoa mtoto Faza amzike yeye kwanza." Tulicheka, ila macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri.

Nimefundisha visiwani miaka mingi, na wanangu watatu wamepita njia tatu: mmoja alisomea Pate kwa wazazi wa mke wangu, mmoja hapa Amu, mmoja Mombasa. Kwa hivyo sina upande. Au tuseme nina pande zote tatu, na kila upande umenipa la kujivunia na la kujutia.

Ninazolinganisha ni shule za vijiji vya kisiwa cha Pate (Faza, Siyu, Kizingitini, Pate yenyewe), shule za Amu mjini, na shule za Mombasa. Wa Hindi, Witu na Mpeketoni mtanisamehe, nyinyi mna barabara na hesabu yenu ni nyingine. Na wa Basuba, Mangai na Milimani, ambako shule zilifungwa kwa vipindi virefu kuanzia 2014 kwa sababu ya usalama, wao wanaomba shule kwanza, kuchagua baadaye.

Vigezo vyangu ni sita: mwalimu aliyepo kweli darasani, njia ya kwenda na kurudi, mahali mtoto anapolala, chuoni (yaani madrasa), pesa, na kinachomngoja akifika Gredi ya 10. Alama za wastani za shule sikuziweka, na nimefanya hivyo makusudi. Shule inayochagua watoto hodari mlangoni itatoa watoto hodari hata walimu wakilala. Alama hizo hukuonyesha walioingia ni akina nani, na wewe unataka kujua mwanao atafanyiwa nini.

Walimu

Kijijini darasa ni dogo, na mwalimu anajua huyu ni mwana wa nani. Akikosa shule siku mbili, ya tatu mwalimu anapita nyumbani, au anamkuta babake msikitini na kumuuliza. Hilo hulinunui kwa pesa. Shida ni kwamba Lamu imehesabiwa kuwa eneo lenye mazingira magumu, na ingawa Tume ya Huduma za Walimu hulipa marupurupu kwa ajili hiyo, walimu wengi kutoka bara wanahesabu miaka yao kisha wanaomba uhamisho. Tangu sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) ianze Januari 2023, ndani ya viwanja vya shule za msingi, pengo limeonekana zaidi. Masomo ni tisa, walimu ni wachache, na baadhi yao ni wanagenzi wa mkataba. Si ajabu kumkuta mwalimu wa Kiswahili na Dini ameshikishwa Sayansi Jumuishi kwa kuwa hakuna mwingine.

Amu inawashika walimu kidogo zaidi. Kuna nyumba za kupanga, benki, hospitali, na mwalimu mgeni anapata wenzake wa kuzungumza nao jioni. Lakini madarasa yamejaa, na mtoto wa Pate anaingia kwenye kundi la watoto waliojuana tangu chekechea. Mombasa walimu wapo kwa karibu kila somo, na aliyeondoka hupata wa kumrithi upesi. Huko tatizo ni jingine: mtoto mpole anaweza kukaa dawati la nyuma muhula mzima bila kuulizwa swali hata moja.

Kuna jambo dogo ambalo wazazi hawalifikirii, nalo ni lugha. Mwanangu wa Mombasa alipoingia kidato cha kwanza aliandika katika insha yake ya kwanza kwamba alipofika ndiani vumbi lilimwingia matoni, yaani njiani na machoni kwa Kiamu chetu. Ilirudi na mistari myekundu, na pembeni mwalimu ameandika: "Hiki si Kiswahili." Lahaja iliyoandikiwa tenzi za zamani za pwani hii, imefutwa kwa kalamu ya biki! (Na mimi babake ni mwalimu, kwa hivyo sehemu ya aibu ni yangu.) Hapa Amu mwalimu mwenyeji anajua la kusema: nyumbani ndia, kwenye karatasi njia. Mtoto anashika zote mbili bila kuona haya na lake.

Ukitaka kujua hali ya walimu katika shule yoyote, usiishie ofisini. Omba daftari la Sayansi au la Hisabati la mtoto wa Gredi ya 8 na utazame tarehe ya mwisho iliyosahihishwa. Kisha waulize watoto wawili watatu uwanjani ni nani anawafundisha somo hilo. Wakitazamana kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Njia

Kijijini ni miguu, na mtoto anarudi kula mchana kwao. Hapo sina zaidi.

Kutoka Pate kuja Amu ni bahari, na bahari ina ratiba yake. Boti hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakipwa hakuna nahodha wa kukusikiliza, mtangoja yajae. Halafu tazama kalenda: muhula wa 2 karibu wote umo ndani ya kusi. Ndiyo miezi bahari inapochafuka, na ndiyo miezi mtoto huwa amechoka na kukumbuka kwao. Kwa hivyo usijidanganye kwamba atakuwa akirudi kijijini kila Ijumaa. Hesabu kwamba atarudi likizo, na ikitokea zaidi ya hapo, shukuru.

Mombasa ni boti hadi Mokowe, gati la bara, kisha basi kupitia Hindi, Witu, Garsen na Malindi, zaidi ya kilomita 300. Lami ya Lamu hadi Garsen imebadilisha mambo. Tunaokumbuka mabasi yakilala matopeni pale msimu wa mvua hatulalamiki sana siku hizi. Vizuizi vya usalama bado vipo, na anayefika Mokowe jioni akielekea Faza atalala Amu tu. Safari hiyo ni mara tatu kwa mwaka, kwenda na kurudi. Likizo fupi ya katikati ya muhula haitoshi kufika kisiwani na kugeuza, kwa hiyo hata aliye bweni anahitaji nyumba ya kufikia Mombasa.

Nenda gatini wiki ya kwanza ya Januari ujionee. Masanduku ya bati yamepangwa ukutani, magodoro yamekunjwa na kufungwa kwa kamba, na mama mmoja anarudia maagizo yaleyale kwa mara ya tano huku kijana anatazama pembeni, asionekane na wenzake kwamba machozi yako karibu.

Anapolala

Hapa ndipo nilipojikwaa mimi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kabla ya kumpeleka mwanangu Mombasa nilifanya kila kitu ambacho mwalimu angefanya. Nilikagua maabara. Nilizungumza na mwalimu mkuu. Niliingia hata vyooni. Shule ilikuwa ya kutwa, nzuri, na dada yangu anaishi Majengo, mwendo wa miguu tu. Sikuuliza swali moja la kijinga: atalala wapi?

Muhula wa kwanza alama zilikuwa sawa. Wa pili zikaanguka. Nikailaumu shule, nikaandika na barua yenye maneno makali. Kisha nikasafiri, nikafikia kwa dada yangu, nikaona. Vyumba viwili, watu saba. Godoro la mwanangu lilikuwa nyuma ya kabati na lilitandikwa sebuleni baada ya wageni kuondoka na televisheni kuzimwa, na televisheni haikuzimwa kabla ya saa tano. Saa kumi na moja na nusu ameamshwa ili godoro litolewe njiani. Dada yangu hakuwa na kosa hata chembe. Alimgawia mtoto wangu alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Nilirudi shuleni kuomba radhi kwa ile barua, na mwaka uliofuata nikamhamishia shule ya bweni.

Kwa mabinti kuna jingine. Yupo anayepelekwa kwa jamaa akasome, na baada ya mwezi anaosha vyombo, anabeba mtoto wa mwenye nyumba, anatumwa dukani, na kitabu anakifungua watu wengine wakikoroma. Hili hutokea Mombasa na hutokea Amu vilevile. Tofauti ni kwamba Amu mamake anaweza kupanda boti asubuhi na kufika bila taarifa. Jamaa wakijua mtu anaweza kutokea wakati wowote, mambo hukaa sawa yenyewe.

Kijijini analala kwao, na hilo ni kubwa. Lakini nyumbani nako kuna mvuto wake. Kaskazi bahari ikitulia, kijana wa miaka 14 aliyekwenda na ami yake baharini usiku anaweza kurudi na pesa zinazomfanya amtazame mwalimu mwanagenzi kwa huruma. Nimepoteza wanafunzi wazuri kwa njia hiyo, na si wajinga, hesabu waliifanya vizuri. Kwa mabinti, posa huanza kubisha mapema. Ndipo wazazi husema kumtoa kijijini ni kumwokoa, na mara nyingine ni kweli.

Kuhusu muguka na unga wa kulevya, ambavyo wazazi hunong'ona kana kwamba ni vya Mombasa pekee: vipo Amu pia, wenyeji mwajua. Mombasa hakuna anayemjua mwanao wa kukupigia simu. Hapa, kabla hajafika mwisho wa kichochoro habari imekufikia.

Chuoni

Kwa familia nyingi za visiwani hiki ni kigezo cha kwanza, sema tu watu huona haya kukitaja mbele ya mwalimu wa serikali. Pate na Amu siku ya mtoto imeshapangwa kwa ajili yake: asubuhi shule, alasiri chuoni, na mwisho wa wiki chuoni tena. Anayetaka kuendelea na elimu ya dini baadaye ana chuo cha msikiti wa Riyadha hapahapa Amu.

Mombasa kuna shule za mseto, ambazo Kurani na masomo ya serikali huwekwa katika ratiba moja. Zinafaa sana, nyingi ni za kulipia. Nje ya hizo, mtoto wa kutwa anayetoka shule jioni na kukwama kwenye matatu anafika nyumbani Maghrib imeshaingia. Bweni la shule ya umma lina swala na pengine darasa la dini, lakini aliyekuwa akihifadhi Kurani ajue kasi itapungua. Nimeona mtoto aliyefika juzuu ya kumi akirudi baada ya mwaka akihangaika na ya saba.

Pesa

Shule ya msingi ya umma haina karo tangu 2003, popote ilipo. Mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi, 15,042 wa sekondari msingi, na 22,244 wa sekondari ya kutwa. Bweni ndiko mzazi anakochangia, na kiwango kilichowekwa kwa shule za umma za daraja la juu ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Shule ya kibinafsi hujipangia.

Mgao huo unamfuata mtoto akiwa Faza kama akiwa Mombasa. Kinachotofautisha ni vinavyozunguka: nauli mara sita kwa mwaka, sare mpya, chakula kwa jamaa (ambacho hutaombwa, na ambacho ni lazima utoe), na simu ya dharura katikati ya muhula. Kijijini vyote hivyo havipo. Kwa Mombasa ya kutwa, chukua unachodhani utatumia, kisha ongeza nusu yake.

Basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneobunge) huangalia familia ni ya eneobunge gani, Lamu Magharibi au Lamu Mashariki, na haijali shule iko wapi. Mtoto wa Faza anayesoma Mombasa bado anaombea kwao. Taabu ni fomu: huku inataka mhuri wa chifu, kule inataka mhuri wa shule, na boti ni moja. Mchukulie fomu mapema, apande nayo basi.

Gredi ya 10

Mikondo ya masomo ni mitatu: wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, wa pili Sayansi za Jamii, na wa tatu Sanaa na Michezo. Watoto wa kwanza waliingia sekondari pevu, inayoanzia Gredi ya 10, Januari 2026. Shule kubwa hutoa mikondo yote mitatu, ndogo hutoa miwili, na unaokosekana ni Sanaa na Michezo. Katika hili Mombasa inaizidi Lamu waziwazi, kwa idadi ya shule, kwa maabara na kwa masomo ya ufundi. Kwenye orodha ya masomo limo hata la teknolojia ya bahari na uvuvi. Ningependa kuona mtoto wa Kizingitini anafundishwa somo hilo Kizingitini kabla sijastaafu.

Lakini kuna hesabu ambayo wengi hawaijui. Matokeo yanayompangia mtoto nafasi ya Gredi ya 10 hayatoki kwenye mtihani mmoja. Asilimia 20 ni ya tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 ni ya kazi za Gredi ya 7 na 8 zinazosimamiwa na kusahihishwa na shule yenyewe, na 60 ni ya mtihani wa Gredi ya 9. Kumhamisha katikati ya Gredi ya 8 ni kuchezea ile asilimia 20 ya katikati. Ukihamisha, hakikisha nambari yake ya UPI (ya utambulisho wa mwanafunzi) imehamishwa kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu na alama zake zimefika, na usiondoke ofisini kwa maneno ya "tutashughulikia".

Nani kunamfaa wapi

Kijiji kinamfaa mtoto mdogo, mtoto mwoga, anayehifadhi Kurani, na ambaye nyumbani kuna mtu mzima anayemuuliza leo umesoma nini. Hakimfai kijana ambaye moyo wake umeshahamia botini. Amu inamfaa anayehitaji walimu kamili bila kung'olewa kwao. Haimfai ambaye jamaa yake wa Amu ana nyumba iliyojaa. Mombasa inamfaa aliyekomaa, anayeinua mkono darasani bila kusukumwa, na anayejua anachokifuata. Aliyepelekwa kwa sababu amewashinda nyumbani atawashinda na kule, bila shahidi.

Basi ikiwa anaingia Gredi ya 7 na shule ya kijijini ina mwalimu wa Hisabati na wa Sayansi, mwache mpaka Gredi ya 9. Ikiwa imekaa muhula mzima bila mmojawapo, na una jamaa Amu mwenye nafasi ya kitanda na meza, hamisha kabla mwaka haujaanza. Yuko Gredi ya 8 tayari? Mvumilie amalize, ila kama kuna jambo la usalama wake, hapo usingoje kesho.

Akifika Gredi ya 10 fuata somo, jina la mji lije baadaye. Anayetaka Sayansi za Jamii hana haja ya kuvuka Mokowe. Anayetaka umeme, sanaa au kompyuta pengine itambidi avuke, na kama pesa inaruhusu, bweni ni salama kuliko sebule ya shangazi. Ikiwa una karo lakini huna nauli ya kwenda kumtazama angalau mara moja kila muhula, chagua Amu. Na kabla ya kumpa jamaa yeyote mtoto, lala kwake usiku mmoja wewe mwenyewe, siku ya kazi, uone taa inazimwa saa ngapi.

Jirani yangu alikwenda Faza, akaomba madaftari. La Sayansi lilikuwa limesahihishwa mara ya mwisho Machi. Binti yuko Amu sasa, Gredi ya 7. Bibi naye hakuzikwa: amehamia Langoni pamoja naye, na kuku wanne, na jioni anakaa mlangoni kuhakikisha hakuna anayemtuma mjukuu wake dukani kabla hajamaliza kazi ya shule.